Mwenye Karatasi Hii

Kilichonichanganya wiki ile si ugonjwa. Ugonjwa niliuelewa. Jicho la kushoto lilishaniaga mwaka juzi, na la kulia lilikuwa limeanza kufunga virago. Ijumaa daktari angelipasua, na akishindwa, basi mimi na cherehani yangu tungeachana. Nimeshona miaka ishirini na sita. Sijui kazi nyingine, wala sitaki kuijua.

Kilichonichanganya ni kwamba sikuogopa. Mimi! Mimi ninayejaribu kitasa mara tatu kabla ya kulala, hata mdogo wangu akanibandika jina la Komeo. Nilitazamia kutetemeka wiki nzima. Badala yake nikawa natia kola, napima mikono ya mashati, nimetulia kama maji mtungini. Nilijishuku. Huenda akili nayo ilikuwa inaondoka pamoja na jicho.

Kisha nikapata sababu: nilikuwa ninaombewa.

Kanisani kwetu kuna utaratibu wa kapu. Jumapili kila mtu anaandika haja yake kwenye karatasi, bila jina, anaikunja, anaitumbukiza. Mwanamama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, tunamwita Mama Kapu, analitikisa na kulipitisha. Kila mtu anaokota karatasi moja, anaifungua palepale, na akikuta ni yake anairudisha. Kisha anaiombea haja hiyo ya mwenzake wiki nzima, na hamwambii mtu.

Mimi niliyoiokota sikuisoma. Ningesoma nini? Maandishi yote siku hizi kwangu ni sisimizi. Kumwomba jirani anisomee ni kuvunja siri, na tena ni kukiri mbele ya benchi zima kwamba fundi haoni. Nina kiburi, sikatai. Nikaikunjua, nikatikisa kichwa kama msomi, nikaitia mfukoni.

Basi kila asubuhi niliiweka ile karatasi juu ya cherehani, nikaifunika kwa kiganja. "Mungu, mwenye karatasi hii simjui, wewe unamjua. Mfiche mikononi mwako." Maneno yalinitoka bila shida, hata machozi nilimlilia mtu huyo. Ajabu, maana kujiombea nilishashindwa. Nikijiombea ulikuwa ugomvi mtupu: kwa nini mimi, kwa nini macho, kwa nini si ulimi wa Mama Kapu.

Alhamisi mdogo wangu alikuja kunifungashia nguo za hospitali. Akaikuta karatasi juu ya mashine.

"Dada, hii nini? Mwandiko gani huu? Huyu aliandika huku anaendesha baiskeli."

"Iache. Ni siri ya mtu."

Alikuwa ameshaanza. "'Bwana Yesu, nifiche. Naogopa giza.'"

Mkasi ukaniponyoka. Maneno yale niliyaandika mimi Jumapili, nimeinama mpaka pua inagusa karatasi.

"Vipi, umemjua?"

"Namjua sana," nikasema, nikamweleza yote.

Nilitegemea acheke. Akakaa tu juu ya rundo la vitambaa, akinitazama. Mimi nikawaka. Siku nne nimeegemea maombi ya mtu, kumbe mtu mwenyewe hayupo! Mganga hajigangi, nami nilikuwa nimejiganga na kujiona nimepona. Nikamsema Mama Kapu na kapu lake mpaka koo likakauka.

"Lakini ulitulia, dada."

"Nilitulia kwa kudanganywa."

"Na nani?"

Nikatafuta wa kumlaumu. Mama Kapu hakujua. Mimi sikujua. Aliyejua alikuwa mmoja tu. Kusema amenidanganya niliona aibu, na kusema amenijibu sikuwa na ujasiri. Nikaokota mkasi na kumwambia asisahau kandambili zangu.

Ijumaa hofu ya wiki nzima ilikuja kwa mkupuo. Nililazwa kwenye kitanda cha magurudumu, koridoni, katika gauni lililoshonwa na mtu mwenye haraka, pindo limekwenda upande. Siku nyingine ningelicheka. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa mbele yangu, doa la kijani tu. Nikajaribu: "Bwana, mimi..." Ulimi ukagoma. Gauni halikuwa na mfuko, hivyo karatasi nilikuwa nimeibana kiganjani. Nikarudia nilichokizoea.

"Mwenye karatasi hii simjui..." Hapo nikasita. Ni kweli, hata nilipojua ni mimi, mwanamke huyu anayejaribu vitasa mara tatu sikuwa namjua. "Wewe unamjua. Mfiche."

Utulivu ukarudi, uleule. Sikuuelewa. Nilijikagua ndani nione umepitia wapi, sikuona, na doa la kijani lilikuwa palepale.

"Mama, fungua mkono," muuguzi akasema. "Huruhusiwi kuingia na kitu."

Nikalegeza vidole. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mtu mmoja ninayemwombea," nikasema. "Ni mwoga sana. Tafadhali usiitupe."

Akaitia kwenye mfuko wake wa kifuani, akaanza kusukuma kitanda.