Jina la Girija Katika Santuri

Kahawa waligawana kikombe kimoja, kama wote wanavyofanya pale Gandhinagar, mtaa wa watu wa filamu. Mtayarishaji Thimmaraju alimimina nusu yake, akamsogezea Revanna, mtunzi wa maneno ya nyimbo, nusu iliyobaki.

"Kaka, wimbo ni mtamu mno," alisema. "Ila safari hii tuandike jina la shemeji yangu Dayanand. Dada yangu hanipi raha, anataka mumewe aonekane mtu. Filamu zijazo zote ni zako."

Revanna akatikisa kichwa kukubali. Kahawa ilikuwa bado moto.

Kazi ya mtunzi ilijulikana ilivyo. Mwanamuziki hupiga kinanda akiimba la-la-la, na mtunzi huivalisha sauti hiyo maneno. Neno likishaingia wimboni humtoka mtunzi mdomoni, asiweze kulitamka, mpaka santuri itoke ikiwa na jina lake. Ndipo humrudia. Mtunzi mmoja rafiki wa Revanna, wa nyimbo za vichekesho, msimu mzima hakuweza kuagiza vitunguu sokoni. Alionyesha kwa kidole, wauza mboga wakamwelewa.

Katika wimbo ule Revanna alikuwa ametia shairi lake la arusi. Kwao, bwana arusi huzuiwa mlangoni na wanawake mpaka alitaje jina la mkewe ndani ya shairi. Yeye alikuwa amesema:

*Mlango umefunguka, na taa imeshawaka;*
*Girija ninapomwita, giza lote latoweka.*

Santuri ilitoka na jina la Dayanand. Neno Girija likaenda kwa huyo aliyeandikwa. Tangu siku hiyo Dayanand akawa akipiga chafya husema "Girija!", na mkewe, ambaye hakuwa Girija, akahamia kwa mama yake mara mbili. Mtaa mzima ulicheka, ukahesabu ni mafua.

Nyumbani Revanna alianza kumwita mkewe Mama Usha. Majirani wakamsifu kwa heshima zake. Girija mwenyewe hakusifu kitu. Akipepeta mchele alikuwa akisema, "Zamani nilikuwa na jina humu ndani."

Filamu zilizoahidiwa zilikwenda kwa Dayanand.

Revanna alipotimiza miaka sitini, yeye na Girija wakaozeshwa upya, kama ilivyo ada ya kwao. Girija alivaa sari yenye rangi ya manjano, akasimama ndani ya kizingiti kama mwari. Wanawake wakaziba mlango.

"Babu hupiti! Taja jina kwanza!"

"Kwa shairi, tena! Si wewe mtunzi?"

Revanna alifungua mdomo, akaufunga. Girija alimtazama, ameshika maua yake kwa mikono miwili. Ndipo kipaza sauti cha sherehe ya jirani kikaanza kupiga wimbo ule, na jina likarudi ulimini pake, zima. Akasema shairi lake lote, na Girija ndani yake.

Wanawake wakaangua kicheko.

"Wee babu! Hilo la Dayanand hilo!"

"Mwizi! Tupe lako!"

Kule kwa jirani wimbo ukaisha, na jina likamtoka tena. Revanna akabaki akimwonyesha mkewe kwa kidole, kama mtu anayenunua vitunguu.

"Mpisheni," alisema Girija. "Mimi nimesikia."

Sasa kila alasiri Girija huweka santuri ile. Revanna huketi kibarazani, akamwita kutoka huko, "Girija!" Naye huitika jikoni, "Abee!" Humwita tena, naye huitika tena, ingawa mumewe hana la kumtuma, mpaka sindano ifike mwisho. Baadaye husema, "Mama Usha, kahawa," naye humletea.

Kabla ya kuirudisha kwenye jalada, Girija huifuta santuri kwa pindo la sari, maana vumbi huifanya irukeruke. Hufuta na pale katikati, kwenye karatasi nyekundu. Jina la Dayanand linasomeka vizuri.