Bango la Jukwaa la Kusini

Mwenyekiti wa klabu yetu ya soka, Hallbach, ni Brandis, na hajawahi kusimama jukwaani nasi hata siku moja. Hukaa juu nyuma ya kioo, anakula samaki wa moshi huku sisi tunalowa. Mtu huyo ndiye aliyetaka kuiuza Hallbach kwa kampuni ya vinywaji, jina, rangi na vyote. Lakini kwetu klabu ni ya wanachama, na bila kura zao hauzi hata nyavu. Kundi letu la mashabiki wa jukwaa la kusini lilikuwa likipita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wakatae.

Ijumaa walinzi wake wakalichukua bango letu, eti wakague kama linashika moto. Nililishona mimi, Gerlinde, pamoja na marehemu mume wangu, kwenye meza ya jikoni. Jumamosi Brandis akatangaza kwamba limeibwa, na kwamba liko Kronsfeld, kwa mahasimu wetu.

Sheria ya jukwaani haina rufaa: bango likiangukia mikononi mwa mahasimu, kundi linavunjwa. Hilo Brandis alilijua vizuri, mwanaharamu yule.

Jumapili mchana tulikaa kwenye baa ya Uwe, mpiga ngoma wetu. Bia ziliisha povu bila kuguswa.

"Tuvunje tu," Uwe akasema. "Tukijifanya hatujui, tutachekwa mpaka kaburini."

"Na kura ya mkutano wa Jumanne? Klabu itauzwa, Uwe!"

"Sheria ni sheria, Mama Gerlinde."

Nilimchukia saa ile, kwa sababu alisema kweli.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Stieglitz, kiongozi wa mashabiki wa Kronsfeld, peke yake, skafu yao ya kijani shingoni. Uwe akashika chupa.

"Kaa chini, kifaranga. Ningetaka ugomvi ningekuja na wenzangu." Akabwaga mfuko mezani. Ndani mlikuwa na bango letu.

"Mwenyekiti wenu alimtuma dereva wake atuletee," akasema. "Eti tulitundike kichwa chini, tuwamalize."

"Mbona hamkulitundika?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mamaye. "Sisi tunawinda, bibi. Hatuli mzoga. Na huyu wenu akifaulu kuuza, mwenyekiti wetu naye ataiga."

"Basi ahsante..."

"Usinishukuru! Nawachukia, hata harufu ya baa yenu inanitia kichefuchefu. Nikilitaka, nitalichukua kwa mikono yangu."

Akatoka bila kufunga mlango.

Jumanne ukumbi ulifurika. Brandis alikuwa akisema, kwa huzuni ya mamba, kwamba anawasikitikia wenzetu wa jukwaa la kusini, kundi ambalo sasa limekwisha. Hapo Uwe na wenzake wakalishusha bango kutoka roshani, mbele ya macho yake. Nikasimama, nikaeleza lilikopelekwa na nani aliyelipeleka.

"Muulizeni dereva wake, yule pale!"

Dereva akainamisha kichwa. Hakuna aliyehitaji jibu lingine. Ilipoitwa mikono ya kukataa kuuza, ukumbi mzima ulisimama, na Brandis akatoka kwa mlango wa jikoni.

Jumamosi tulicheza ugenini, Kronsfeld. Nililishika bango kwa mikono miwili, na ng'ambo ya uzio nikamwona Stieglitz anaupanda, meno nje.

"Bibi! Leo nimekuja kulichukua mwenyewe!"

"Njoo, mshenzi wewe," nikamjibu, nikakaza vidole.