Kefa wa Cherehani

Siku ya tatu ya msiba Marita alikuwa akisonga ugali wa waombolezaji, na moyoni alificha jambo ambalo asingethubutu kumwambia mtu: alikuwa anashukuru.

Pale Ndalambo ndugu watatu walikuwa wamewapa wana wao jina la babu, Kefa Silwimba, kama ada ilivyotaka. Kazi ndizo zilizowatofautisha. Kefa Mwalimu alifundisha hapo hapo kijijini. Kefa wa Reli, mwana wa Tusekile, alipasua mawe kwenye reli mpya. Kefa wa Cherehani, fundi nguo wa Tunduma, alikuwa wa Marita, na vidole vyake laini baba yake alivicheka mpaka mzee huyo anaingia kaburini.

Basi lori lilipoleta jeneza la Kefa Silwimba kutoka kambi ya reli, limeshapigiliwa misumari kwa kuwa homa ilikuwa imemuua siku tano nyuma, nani angeuliza Kefa yupi? Tusekile aliliangukia. Marita alimshika, akalia naye, lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kilichomuudhi ni kwamba mwanawe, pamoja na kupelekewa salamu, hakuja kuzika.

Mchana huo mtu akashuka barabarani na kifurushi, vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake wakainuka mmoja mmoja. Alikuwa Kefa wa Reli, mzima. Tusekile alimpapasa uso. Furaha ikampanda, akaimeza, kwa sababu kijana alikuwa akitazama jikoni. Kijana akaenda kupiga magoti mbele ya Marita.

"Mama mdogo, Kefa wako alikuja kambini mwezi wa tano, vitambaa vilipoadimika. Mimi nilikuwa kambi ya mbele. Nilipopata habari, lori lililombeba limeshaondoka."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alitaka kwanza mikono ikomae."

Marita aliendelea kusonga. Ugali usipogeuzwa huungua, na watu walikuwa na njaa. Mtu akamtoa mwiko mkononi, naye akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

Tusekile akaja. Alifungua kichwani mwake kitambaa cheusi cha mama aliyefiwa, akamfunga Marita taratibu, akikaza fundo.

"Dada," Marita akauliza, "kaburini kichwa chake mlikilaza upande upi? Siku ile mimi nilikuwa huku jikoni."