Sauti Zisizohama

1.

TAARIFA KWA WATEJA WOTE
Kuanzia tarehe mosi Juni, simu za Zuhura toleo la tatu hazitahudumiwa tena. Mteja anashauriwa kununua toleo jipya. Asante kwa kuendelea kuwa nasi.

2.

Kuendelea kuwa nao.

Mwalimu Wakesho aliyarudia maneno hayo jikoni kwake, Voi, chai ikifurika asiione. Hakutaka Zuhura nyingine. Shule nzima ilishahamia simu za Kandili, binti yake pia. Aliyemzuia kuhama ni Mwakio, mumewe, aliyefariki mwaka juzi akaacha ndani ya Zuhura ya mkewe jumbe za sauti mia mbili na kumi na nne.

3.

Vitu alivyompelekea Mghoi, fundi simu wa stendi, avihamishe:

majina ya watu: yamehama
picha: zimehama
sauti za Mwakio:

4.

"Hizo hazitoki, mwalimu," alisema Mghoi. "Kampuni imezifunga, na ufunguo inao yenyewe."

"Imezifunga kwa nini?"

"Ili usiondoke."

Walijaribu kuzicheza huku simu nyingine ikirekodi. Maneno yalinaswa, ila kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. Na ile pumzi ambayo Mwakio aliivuta kila mara kabla ya kulitaja jina la mkewe haikusikika.

Haikusikika

kabisa.

5.

Wewe unayesoma: una sauti ya nani humo mfukoni? Una hakika ni yako?

6.

BARAZA LA USHINDANI WA BIASHARA
Lalamiko namba 31. Mlalamikaji: Bi. Wakesho Mwakio, mjane.

WAKILI WA KAMPUNI: Mteja yuko huru kuhamia kokote, wakati wowote.

MLALAMIKAJI: Mimi niko huru. Mliyemshika ni mume wangu.

MWENYEKITI: Mama, tunaweza kusikia ujumbe mmoja?

(Ujumbe unachezwa.)

"Wakesho, nimepata ndizi nzuri hapa Taveta. Usipike mpaka nifike. Nataka tumenye pamoja."



7.

UAMUZI WA AWALI: Kampuni imepewa siku tisini kueleza kwa nini jumbe za mteja zisihamishwe pale mteja anapohama. Shauri limeahirishwa.

8.

Siku tisini. Na simu ilikuwa imeanza kujizima yenyewe, mara mbili asubuhi ile tu.

Watu walipotawanyika, Wakesho alibaki kwenye benchi la varandani. Akafungua mazungumzo yake na Mwakio kwenye simu. Tangu mazishi alikuwa akisikiliza tu, hakuwahi kujibu. Alijua kwamba lolote atakalosema litafungiwa humo humo, na huenda yeye mwenyewe asiweze kulitoa tena.

Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mwakio. Leo umesikika mbele ya watu. Mwenyekiti mwenyewe aliinamisha kichwa." Alisita, akaisogeza simu karibu na mdomo. "Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Siku ile ya mwisho ulipoondoka nyumbani, mimi sikuwa nimelala. Nilikusikia ukiaga pale mlangoni, nikanyamaza kwa sababu—"

Simu ikajizima.