Rinda la Manjano

Jackton alikuwa amesahau mengi, hata jina la mkewe, lakini densi ya ujanani katika ukumbi wa Kaloleni aliikumbuka kama ya jana. "Mbinya alivaa rinda la manjano," alizoea kusema juu ya msichana aliyecheza naye, akitabasamu peke yake. Rispa, aliyempikia miaka yote ya ndoa yao, alihisi roho ikimchoma kama pilipili kwenye kidonda.

Binti yao Amondi, anayesomea mambo ya ubongo chuoni, alimweleza. "Mama, jambo likimgusa mtu sana, seli za ubongo hupelekeana ishara, na ishara hizo hufika hadi kwenye jeni. Hapo hutengenezwa protini mpya za kukaza maungio ya seli, ndiyo maana jambo halimtoki. Lakini kila akilikumbuka, maungio huweza kulegea kidogo kabla ya kukazwa upya. Hapo ndipo kumbukumbu hubadilika."

Rispa hakungoja kusikia zaidi. Huyo Mbinya alikuwa amekula protini za watu vya kutosha! Tangu siku hiyo, Jackton akianza tu, yeye alidakia: "Aliyevaa manjano ni Rispa, Baba Amondi. Rispa!"

Jumapili moja, baada ya wiki nyingi, alimletea chai, naye mzee akatabasamu lile tabasamu lake. "Rispa alivaa rinda la manjano," akasema.

Rispa nusura apige kigelegele.

Jackton akatazama jikoni, akamwinamia, akanong'ona: "Lakini usimwambie yule mama anayenipikia. Ana wivu, yule!"