Sekunde Kumi na Moja za Mizani

Kazi yangu ni kukata filamu, na sina huruma. Nimekata mabusu, nimekata mazishi, nimewahi kumkata hata mama mzazi wa mtayarishaji. Lakini siku mwongozaji aliponiambia nimkate baba yangu, mkono uligoma.

Baba alikuwa mtu wa mizani ghalani kwa miaka thelathini na moja, mpaka ikaletwa mizani ya umeme, akaambiwa aende nyumbani akapumzike. Alipumzika vibaya sana. Alikuwa akikaa sebuleni anapima uzito wa rimoti kwa kiganja. Roho iliniuma, nikamwombea nafasi katika filamu yetu ya mapenzi: awe muuza misumari, aseme "Kilo mbili hizi hapa," basi. Sekunde nne.

Alitumia kumi na moja. Kamera ilipowashwa, aliona unyoya wa kuku kwenye sahani ya mizani. Akautoa kwa vidole viwili, akangoja sahani zitulie. Shujaa wetu, ambaye machozi yake yalikuwa tayari, naye akangoja. Kisha baba akasema, "Sasa imekaa sawa," maneno aliyoyasema kila siku ghalani, na zile kilo mbili akazisahau kabisa.

"Mtoe huyo mzee," mwongozaji alisema. "Sekunde kumi na moja mtu anatazama sahani tupu!"

Wakati huo baba alikuwa amekwisha kualika ukoo mzima na majirani wa pande zote waje kumwona kwenye filamu. Kuambiwa mara ya pili kwamba hatakiwi kungemmaliza. Nikamwita shemeji.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi wa majokofu, ila moyo wake uko Misri ya kale. Haangalii filamu bila daftari. Mtu akivuka mto, hiyo ni mashua ya jua. Paka akipita dirishani, huyo ni mungu wa kike. Sisi tunamwita Firauni, naye anadhani tunamsifu.

Aliketi katika chumba changu cha kukatia filamu, kando ya mwongozaji, akatazama, akasimama ghafla mkono kifuani.

"Mizani! Unyoya! Jamani, Wamisri wa kale walisema ukifa moyo wako unapimwa, na upande wa pili unawekwa unyoya wa ukweli. Moyo ukilemewa na uongo, dubwana linaula. Mwongozaji, haya uliyaficha makusudi?"

Mwongozaji akanitazama.

"Makusudi kabisa," nikasema. "Tulipanga wote, umesahau tu. Baba ndiye mungu mwenye kichwa cha mbweha, msimamizi wa mizani. Unyoya niliuweka mimi."

Uongo mtupu. Mizani ilitoka nyumbani kwetu, na kuku wa jirani hulala juu yake.

Mwongozaji alikumbuka papo hapo. Ukimsifu, hakuna asichokikumbuka. Tangu siku hiyo kila kipande kilipita mbele ya shemeji. Harusi? Haina Misri, kata. Busu la mvuani? Kata. Ugomvi wa mawifi ulipona kwa sababu nyuma yao alipita mbwa. Kila pengo tulilijaza kwa kipande cha baba. Wiki ya tatu ilipokwisha, filamu yetu ya mapenzi ilikuwa na baba akitoa unyoya mara mia mbili na kumi, pamoja na yule mbwa.

Siku ya maonyesho, saa nane mchana, ukumbi ulijaa ukoo wetu. Baba alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi yangu. Filamu ilipokwisha na taa kuwashwa, mwongozaji alimpandisha jukwaani.

"Mzee, ulijisikiaje kuwa mungu wa wafu?"

"Mungu gani tena? Nilitoa unyoya mteja asipunjwe."

"Lakini binti yako aliuweka makusudi!"

Baba akanigeukia. "Mwanangu, uliuweka wewe?"

Kisha akangoja, macho yakiwa kwangu. Kwa mazoea ya kazi nilianza kuhesabu sekunde. Nilifika kumi na moja, na hapakuwa na mahali pa kukata.

"Hapana, baba. Nilidanganya. Walitaka kukutoa, nami sikutaka uambiwe tena kwamba hutakiwi." Nikaangua kilio mbele za watu.

Shemeji akapanda juu ya kiti. "Anakiri mbele ya mizani! Mnaona? Anakiri!" Ukumbi mzima ukapiga makofi, wakidhani filamu haijaisha.

Baba hakuwajali. Aliteremka, akasimama mbele yangu akinitazama mpaka mabega yangu yakaacha kutetemeka.

"Sasa imekaa sawa," akasema.