Ndugu Aliyekumbatia Madhabahu

Baba yetu Endimioni, mfalme wa Elisi, alipenda usingizi kuliko ufalme. Kesi za wachungaji, mipaka ya mizabibu, ugomvi wa wakwe, vyote aliviamua kaka yetu Epeo, mtu mnene mwenye subira. Siku baba alipoamka na kutangaza kuwa kiti chake atakirithi mwanawe mwenye mbio, mimi, binti yake wa pekee, nilitaka kupasuka kwa hasira. Paeoni, anayemfuata Epeo, aliwashinda hata sungura, ila kazi aliyoiweza nyumbani ni kujipaka mafuta ya zeituni.

"Baba, nchi haitawaliwi kwa miguu!"

"Eurikida, nimeshasema. Niache nilale."

Sharti lilikuwa kufika kwenye madhabahu ya mungu Zeu, kupokea mwenge kwa kuhani na kuwasha kuni za sadaka. Atakayewasha ndiye mfalme.

Ndugu zangu watatu wakatoka mbio. Aitolo, kitinda mimba wetu, akachomwa na mwiba, akaketi chini anacheka. Paeoni akafika peke yake, Epeo yuko mbali nyuma anahema kama ng'ombe wa kulima. Nilitamani kulia.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Pumzi zilimwishia Paeoni, akaikumbatia madhabahu asianguke. Kuhani akaurudisha mwenge nyuma.

"Mwanangu, unamkimbia nani?"

"Nimkimbie nani? Nimeshinda! Lete mwenge!"

"Anayekumbatia madhabahu anaomba hifadhi, kama mtumwa mtoro. Hawashi moto huyo, mpaka mfalme amwinue kwa mkono."

"Si baba yupo!"

"Baba yako alivua taji mlipoanza kukimbia."

Epeo akafika, akapokea mwenge, akawasha. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

"Sitoki hapa!" Paeoni alifoka. "Simtambui!"

Moto ukakolea, jiwe la madhabahu likaanza kupata moto, naye bado kaling'ang'ania, mafuta yanamchuruzika mgongoni.

"Mgeuzeni na upande wa pili!" mchungaji mmoja akapaza sauti. Umati ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitaficha.

Epeo peke yake hakucheka. Alisogea, akanyoosha mkono.

"Inuka, mdogo wangu, utaungua. Ukishindwa kuniita mfalme, niite kaka."

Paeoni akaiachia madhabahu, akaushika mkono ule.

"Mfalme wangu," alisema kwa sauti ndogo, na aliyelia ni Epeo.